Siku Reino Alipokubali Kufumba Macho

Mume wangu, Reino Lahti, hakuwa mtu wa kuuguaugua. Miaka ishirini na sita aliendesha lori la kaunti la kusukuma theluji, na katika miaka yote hiyo alikosa kazi siku mbili tu: siku tuliyomzika mama yake, na siku jino lilipomvimbisha shavu hadi kofia ikakataa kuingia kichwani. Kwa hiyo Septemba ile ya mwaka tisini na tano, alipotoka kwa daktari kimya, akaketi garini bila kuwasha injini, nilijua kuna jambo.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Presha."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuninyima cheti."

Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa Michigan, dereva wa lori kubwa hashiki usukani mpaka daktari atie sahihi cheti cha afya. Daktari Maki alimwandikia Reino vidonge, akampa muda hadi mwisho wa Oktoba. Presha ikishuka chini ya mia na arobaini juu ya tisini, atapanda lori lake. Isiposhuka, theluji ya mwaka huo itasukumwa na mtu mwingine, na Reino atashinda karakana akichambua boliti.

Ajabu ni kwamba nyumbani presha ilikuwa na adabu. Nilinunua kipimo, nikawa namfunga mkono kila asubuhi mezani kabla ya kahawa: mia na thelathini na mbili, mia na thelathini na tano. Lakini akitia mguu kliniki tu, akauona ule mkanda wa kijivu wa kupimia presha ukining'inia ukutani, damu yake ilifoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Mia na sitini na nane. Wiki ya pili, mia na sabini na moja.

"Vidonge vinafanya kazi yake," Daktari Maki akasema. Alikuwa mzee wa rika letu, tulisoma naye shule moja. "Kinachokupandisha hapa ni woga."

"Mimi simwogopi mtu," Reino akajibu, masikio yamemwiva.

"Sijasema mtu. Nimesema mkanda."

Ndipo akatuambia kwamba kila Alhamisi kliniki ilikuwa na mwanasaikolojia mgeni, Bi Constance, aliyetumia hipnosisi. Huituliza akili, akasema, mpaka mwili nao unalegea. "Vidonge usiache hata siku moja. Na sikuahidi miujiza. Wengine inawasaidia, wengine wapi. Lakini wewe una nini cha kupoteza?"

Reino alikuwa na cha kupoteza: heshima yake. Kwetu hipnosisi ilijulikana kwa jambo moja tu, nalo ni kaka yangu Onni. Miaka kumi na tano nyuma, kwenye maonyesho ya kaunti, Onni alipanda jukwaani kwa yule mtu wa mazingaombwe mwenye suti ya zambarau, akalazwa akili, na mbele ya watu mia tatu akakamua kiti. Alikikamua kwa bidii, akakipapasa mgongo, akakiita Mansikki, jina la ng'ombe wa mama yetu. Hadi leo akiingia dukani watu humuuliza kama kiti kimeshazaa.

Jioni hiyo Onni alikuja kunywa kahawa. Habari alishazipata.

"Shemeji, usiende," akasema, akichovya mkate wake. "Mimi nilikuwa nasikia kila kitu. Kila kitu! Mikono tu ndiyo ilikuwa ikikamua yenyewe."

"Ulipata maziwa?" nikamuuliza.

"Helmi, usinianze."

"Si nauliza tu."

"Kilikuwa kiti kizuri," Onni akasema kwa uchungu, na Reino akacheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Akatazama nje, huko bandani koleo za theluji zilikoegemea ukuta, zikisubiri.

"Nitakwenda mara moja," akasema. "Mara moja tu. Na wewe Helmi utakaa humo humo ndani. Ukiniona nakamua chochote, nipige kofi."

Alhamisi ikafika. Reino alivaa shati lake la kanisani. Tulipofika mbele ya mlango wa mwisho wa ukumbi, nilinyanyua mkono kubisha, nikahisi amenishika kiwiko. Alikuwa akisoma kibao cha mlangoni: C. W. Pruitt.

"Hapana," akasema.

Niwaeleze. Katika barabara ya Salo, aliyoisafisha Reino tangu ujana wake, kulikuwa na nyumba ndani ya miti, iliyonunuliwa na mtu kutoka Detroit. Sanduku la barua la mtu huyo lilisimama ukingoni mwa barabara, na katika majira mawili ya baridi lilikuwa limeangushwa mara nne na lori la theluji. Kila lilipoanguka, barua ilifika ofisi ya barabara, imepigwa chapa vizuri, imetiwa sahihi C. W. Pruitt. Reino hakuwahi kumwona. Alidhani ni mwanamume, tena mnene, mwenye masharubu. Miaka miwili nzima alimlaani mezani kwangu: "Yule bwana Pruitt!"

Mlango ukafunguka kabla hatujakimbia. Bwana Pruitt alikuwa mama mwembamba wa miaka sitini hivi, mwenye miwani shingoni na soksi za sufu zisizofanana.

"Karibuni. Bwana Lahti?" Akatazama karatasi yake, akamtazama Reino, akaitazama tena karatasi. "Lahti wa lori la theluji?"

"Pruitt wa sanduku la barua?"

Nilitamani kuwa kiti cha Onni.

"Manne," mama yule akasema.

"Najua ni manne."

"La nne lilikuwa na kadi ya kuzaliwa kutoka kwa dada yangu. Niliipata Aprili, barafu ilipoyeyuka."

Reino akageuka aondoke. Shingo yake ilikuwa nyekundu kama nyanya, nikawaza, presha sasa hivi imefika mia mbili. Lakini Bi Pruitt hakusogea mlangoni wala hakupandisha sauti.

"Bwana Lahti," akasema, "theluji ikianza na wewe hupo, nani atasafisha barabara ya Salo?"

"Kijana wa Koskela."

"Yule aliyelitia gari la maziwa mtaroni?"

"Huyo huyo."

"Basi ingia ndani, tafadhali. Masanduku yanauzwa dukani."

Akaingia. Nikamfuata, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, mkono tayari kwa kofi.

Siku hiyo ya kwanza haikuzaa kitu, au tuseme ilizaa kisichotarajiwa. Bi Pruitt alimweleza kwamba hatamwendesha kama mwanasesere. Kwamba atasikia kila neno, na asilolitaka hatalifanya. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, ya polepole, kama mtu anayemimina asali siku ya baridi. Uko ufukweni, akasema. Mchanga una joto. Mawimbi yanakuja, yanarudi. Reino alikaa wima, macho kodo, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mchanga siupendi," akasema. "Unaingia kwenye soksi."

"Sawa. Basi tuchukue bustani…"

"Nyuki."

Mimi sina la kusema kuhusu nyuki, kwa sababu hapo sikuwapo tena. Ufukwe ule ulinichukua wa kwanza. Nilizinduka kwa kicheko: Reino amejishika mbavu, Bi Pruitt amevua miwani anafuta machozi, nami mdomo wazi, mkoba umemwagika sakafuni. Wanasema nilikoroma kama msumeno wa injini.

"Nilikuja kukulinda," nikamwambia Reino.

"Nimeona ulinzi wako, mama."

Nadhani kicheko kile ndicho kilichomrudisha Alhamisi ya pili, ingawa yeye anasema ni kwa sababu ya yule kijana wa Koskela.

Safari hii Bi Pruitt aliweka karatasi zake kando. "Niambie wewe," akasema. "Wapi duniani mwili wako unalegea wenyewe?"

Reino hakufikiri hata kidogo. "Sauna."

"Nipeleke. Mimi sijawahi kuingia."

"Hujawahi? Miaka miwili unakaa hapa?"

"Hakuna aliyenikaribisha."

Basi Reino akaanza kumpeleka. Akamweleza sauna yetu, kibanda cha joto na mvuke alichokijenga baba yake kwa mbao za mierezi, harufu ya moshi ukutani, kata ya shaba yenye mpini uliochakaa. Akamweleza maji yanavyopiga kelele yakimwagwa juu ya mawe, na mvuke unavyokuja kimya kimya nyuma ya masikio kama mtu anayekukumbatia. Alivyokuwa akieleza, Bi Pruitt alikuwa akirudia maneno ya Reino mwenyewe, taratibu, taratibu zaidi. Upo benchi la juu. Joto linafungua mabega. Sasa unashuka benchi la kati. Pumzi inatoka ndefu kuliko ilivyoingia. Unashuka benchi la chini. Unatoka kibarazani, hewa baridi, mwili unatoa moshi, huna kazi, hakuna anayekungoja.

Nilijibana mkono nisilale. Nikaona taya la mume wangu, lile ambalo miaka yote limekazwa hata akiwa usingizini, likishuka. Mikono ikalala mapajani, viganja juu. Sijui kama nililia; macho yalikuwa na maji tu.

Bi Pruitt akamfundisha alama ya kujirudisha pale kibarazani mwenyewe: kugusanisha kidole gumba na cha shahada, na kutoa pumzi moja ndefu. Kisha akamhesabia kurudi. Reino akafumbua macho, akatazama huku na huku.

"Nilikamua chochote?"

"Hapana, mzee," nikamjibu.

"Basi sijalazwa. Nilisikia kila kitu."

"Umekaa hivyo dakika ishirini na tano," nikamwambia. Akakataa. Nikamwonyesha saa. Akaitikisa saa yangu kuona kama imekufa.

Bi Pruitt alitupatia kaseti ya kusikiliza nyumbani kila siku baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa sauti yake, na mabenchi yale yale matatu. Hapo ndipo nyumba yangu ilipoharibika. Siku ya kwanza Reino alilegea kitini, nami nikalala kwenye kochi, viazi vikaungua. Siku ya pili mbwa akajifunza: akisikia kaseti inabofywa tu, chali, miguu juu. Siku ya tatu Onni alikuja kucheka. Alisimama jikoni mikono kiunoni, akasema anataka kusikia huo upuuzi, na yeye kwa sababu ya uzoefu wake hawezi kushikwa mara ya pili. Alifika benchi la kati. Tulimkuta amelala mezani, shavu kwenye sahani ya jibini.

"Nilikuwa nafikiri," akasema.

"Shemeji, jibini limekushika sikio," Reino akamwambia.

Lakini Alhamisi ya nne haikuwa ya kucheka. Kipindi kilikwisha vizuri, Reino akainama kufunga kamba za viatu, na bila kuinua kichwa akasema, "Masanduku mawili ya kwanza yalikuwa bahati mbaya. Theluji ni nzito, bamba la mbele ya lori likiisukuma inakwenda na chochote."

Akahamia kiatu cha pili.

"La tatu na la nne nilipita karibu kuliko ilivyohitajika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya barua yako ya pili. Uliandika kwamba dereva bila shaka amelewa." Alivuta kamba, ikakatika mkononi. "Baba yangu alikufa barabarani, amelewa, na alimuua mtu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi sijawahi kuonja hata bia. Ofisini walibandika barua yako ubaoni, wakaona ni mzaha. Nami nilicheka nao."

Miaka thelathini na tatu ya ndoa, nami sikujua barua ile ilikuwa ukutani. Nilijua tu kwamba majira yale alianza kulala amekunja ngumi.

Bi Pruitt aliinuka, akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa kando yake. "Niliandika nikiwa na hasira," akasema. "Mume wangu alikuwa amekufa mwaka huo, na sanduku lile alilipaka rangi yeye. Lakini wewe hukuhusika na hilo, na mimi sikuwa na haki ya kuandika nisilolijua. Nisamehe, Bwana Lahti."

"Sikujua alilipaka yeye."

"Ungejuaje? Niliandika habari za ulevi, sikuandika habari za rangi."

Wakakaa hivyo, wazee wawili wanatazama kiatu kisicho na kamba. Kisha Reino akasema, "Jumamosi sauna inawashwa saa tisa. Njoo. Wewe na Helmi mtaingia kwanza, sisi wanaume baadaye."

Alikuja. Alikuja na keki, na vazi la kuogelea ambalo nilimwambia alirudishe kwenye mkoba, maana sauna haiingiwi na nguo. Wakati sisi tuko kwenye mvuke, yeye akipiga kelele "Mungu wangu!" kila nilipomwaga kata, Reino na Onni walikwenda barabara ya Salo, wakachimba shimo na kusimika nguzo yenye mkono wa bawaba: theluji ikisukuma sanduku, linayumba, halafu linarudi mahali pake. Bi Pruitt alipotoka, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, mvuke ukimtoka mabegani, aliketi kibarazani, akajifuta uso kwa taulo.

"Kumbe," akasema mwishowe, "nilikuwa nafundisha kitu nisichokijua."

Siku ya cheti ikafika, Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Tulijiandaa kwa Daktari Maki, lakini Daktari Maki alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, na mahali pake palikuwa na daktari kijana kutoka mbali, mikono baridi kama samaki, haraka kama anakimbizwa. Hakusalimia. Alimfunga Reino mkanda huku akisoma faili la mtu mwingine. Mashine ikalia.

"Mia na hamsini na nne," akasema. "Haitoshi." Akashika kalamu.

Nilifungua mdomo nimtolee maneno, maana mimi sikuwa nimelazwa akili siku hiyo. Lakini Reino akanitangulia, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo katika ofisi yoyote, sauti ya mtu aliye kibarazani kwake.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "sheria inaruhusu kupima mara ya pili. Nipe dakika tano. Na punguza mwendo, utajikwaa."

Daktari kijana akatazama saa, akaniangalia mimi, nadhani akaona usoni mwangu kwamba dakika tano zitakuwa jambo la busara. Akaketi.

Reino akafumba macho. Kidole gumba kikagusa cha shahada. Akatoa pumzi ndefu. Nilimwona akipanda benchi la juu, nawaapia nilimwona. Nikaona mabega yakifunguka, taya likishuka, akashuka la kati, akashuka la chini. Hata daktari kijana alianza kuhema polepole, kalamu ikilegea vidoleni. Muuguzi aliyechungulia mlangoni akapiga miayo.

Mkanda ukafungwa tena. Ukavimba, ukanywea.

"Mia na thelathini na nne," daktari akasema. "Juu ya themanini na mbili." Akagonga mashine kwa kucha, akapima tena kwa masikio yake mwenyewe, kwa ile mirija. "Mia na thelathini na mbili. Umefanyaje?"

"Nilikuwa sauna," Reino akasema.

Sahihi ikatiwa. Mimi sikungoja tufike ukumbini. Nilimshika kiuno mume wangu pale pale kati ya mizani na chati ya macho, tukacheza dansi ya polka mizunguko mitatu, mwanamke wa miaka hamsini na sita na koti lake la baridi. Muuguzi akapiga makofi. Bi Pruitt alitoka chumbani kwake na mgonjwa mwingine nyuma yake, akauliza nani amezaa. Onni, aliyekuwa akingoja nje kwenye gari, alipoona tunatoka tumeshikana mikono alipiga honi hadi mwenye duka la mkabala akatoka kumkemea.

Vidonge Reino anavyo hadi leo, kimoja asubuhi, nami ndiye ninayekihesabu. Daktari Maki alipopona alimwambia wazi kwamba kaseti haikuvifukuza vidonge, imevisaidia tu, na kwamba asijifanye mganga. Lakini Reino akawa mganga kidogo. Aliwafundisha madereva wawili karakana benchi la juu na la chini. Mmoja alifanikiwa, wa pili alisema kila akifumba macho anamwona mkewe.

Theluji ya kwanza ilianguka siku nane baada ya cheti, inchi kumi na nne, na haikukatika hadi Aprili. Wazee bado wanaikumbuka baridi ile. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe changu nilipoona taa za njano zikizunguka nyuma ya miti, kisha lori likapita mbele ya nyumba yetu, bamba lake limefunua barabara nyeusi, theluji ikiruka pembeni kama pazia linalofunguliwa. Reino hakunipungia; akiwa kazini hapungi mkono. Lakini dirisha lake lilikuwa wazi nusu, na nilimsikia anaimba, vibaya, kwa sauti kubwa, wimbo wa kucheza wa mama yake. Nikaweka kikombe, nikaenda kupiga mayai ya pannukakku, ule mkate wetu laini wa mayai wa kuokwa, maana mtu anayeimba namna ile atarudi na njaa.

Alirudi saa sita mchana, nyusi zimeganda. Alikula vipande vitano. Nilileta kipimo, kwa mazoea, nikamfunga mkono akiwa bado anatafuna.

"Ngapi?" akauliza.

"Tafuna kwanza."

"Helmi, ngapi?"

Nikamwambia. Akapiga meza kwa furaha, akaomba kipande cha sita, nami nikamkatia kikubwa.